Sauti Iliyokulia Mashineni

Mama Kishindo hakuwa mtu wa kuambiwa mambo. Alitaka kuona mwenyewe, kushika mwenyewe, na kama ni unga, kuusugua mwenyewe kati ya kidole gumba na cha shahada kabla hajakubali kwamba umesagika. Kwa hiyo simu ilipolia siku ile, mume wake akaipokea, akasikiliza, kisha akaanza kurukaruka uani kama aliyekanyaga kaa la moto, bibi huyu hakungoja. Alimnyang'anya simu, akaibana sikioni, akasikia mvumo kama wa nyuki ndani ya chupa, akamrudishia kwa hasira.

"Nani huyo? Anasemaje?"

"Tarumbeta!" mumewe akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Amechaguliwa! Kuongoza gwaride la kuhitimu!"

"Kuongoza nini?"

"Gwaride! Askari wote wale, yeye ndiye atakayewaamrisha! Simama, wanasimama! Geuka, wanageuka!"

Mama Kishindo akakaa juu ya gunia la mahindi. Na kwa mtu kama yeye kuketi bila kazi mkononi, jua kwamba jambo lenyewe ni zito.

Tarumbeta alikuwa kitinda mimba wao, wakati huo akiwa kwenye mafunzo ya uaskari, na jina hilo alibandikwa na akina mama wa foleni ya kusaga. Alizaliwa mashine ya kusaga ikiwa imeshafungwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba, na tangu alipoanza kutamka ilimbidi ashindane na mota. Akitaka maji, apige kelele. Akitaka ruhusa ya kwenda kucheza, apige kelele. Akimshtaki kaka yake, ndiyo kabisa, mtaa mzima ulijua kesi. Shuleni mwalimu alimkalisha kiti cha nyuma karibu na ukuta, na bado darasa la jirani lilimsikia akijibu. Watu walicheka, lakini mama yake hakucheka. "Sauti ni mali," alisema. "Mwacheni mtoto na mali yake."

Sasa mashine ile ile iliyompa mtoto sauti ndiyo iliyomnyang'anya mama masikio. Haikumnyang'anya kwa siku moja. Ilimla kidogo kidogo, kama panya anavyokula gunia kwa nyuma. Unakuja kushtuka nafaka inamwagika. Na hakuna aliyegundua mapema, kwa sababu mashineni nani anamsikia nani? Pale watu husema kwa mikono. Kiganja kikilazwa, unga laini. Vidole vikichezeshwa, unga wa chenga. Kidole kikizungushwa hewani, rudia kusaga. Mama Kishindo aliijua lugha hiyo kuliko wote, akawa anaendesha kazi bila kukosea hata debe moja, huku ulimwengu wote umemnyamazia.

Mumewe alikuwa amembembeleza siku nyingi akapimwe. Jibu likawa lile lile: "Mimi si mgonjwa. Nyinyi ndio mnaoongea kama mna maharage mdomoni." Mzee wa watu akachoka, akawa mkalimani. Kila kilichosemwa na mtu yeyote, yeye alikirudia kwa kelele, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kupamba, habari zilimfikia mkewe zikiwa zimeongezewa mikono na miguu.

Siku ile, juu ya gunia, Mama Kishindo aliinua uso.

"Sitasimuliwa," akasema.

"Hutafanya nini?"

"Siku mwanangu atakapotoa amri, nitaisikia kwa masikio yangu haya. Sitaki wewe uniambie amesema hivi, amesema vile. Wewe hata habari za msiba unazitia chumvi. Nipeleke huko kwa watu wa masikio."

Mumewe akatazama juu kushukuru, akaenda kutafuta viatu kabla mkewe hajabadili nia.

*

Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na hakuwa na haraka. Alimpima Mama Kishindo ndani ya kichumba kilichozibwa pande zote, akamwonyesha kwa kidole mahali usikivu wake ulipoporomoka, na katika safari iliyofuata akamvalisha mashine mbili ndogo, moja nyuma ya kila sikio. Yenye alama nyekundu ni ya kulia, yenye alama ya buluu ni ya kushoto. Hazikuhitaji kubadilishwa betri. Zilikuwa na kisanduku chao cha kuchajia, na kila moja ilikuwa na kitanda chake humo ndani.

"Ukizivua jioni, zifute kwa kitambaa kikavu," mtaalamu alimweleza. "Maji hapana, spiriti hapana. Hii brashi ndogo ni ya kutoa nta na vumbi. Ukioga, zivue. Mashine yako ya kusaga ikianza kunguruma, zivue, uvae vizuia kelele. Vumbi la unga ni adui yao. Usiku mzima zilale kisandukuni, zishibe. Asubuhi utazikuta taa ni za kijani."

"Kumbe nazo zinalala na kula," Mama Kishindo akasema. "Basi ni watoto tu hawa. Nimelea wengi."

Halafu akanyamaza, kwa sababu alikuwa amejisikia anavyosema. Akatazama sakafu. Akasogeza mguu, ndala zikakwaruza, akausogeza tena ili azisikie tena. Nje, barabarani, mtu alikuwa anaita wateja. Ndege fulani alikuwa anapiga domo juu ya paa. Mumewe, aliyekuwa amepewa chai ya kusubiria, akavuta funda.

"Ee!" Mama Kishindo akaruka. "Ndivyo unavyokunywa chai hivyo? Miaka yote hii nimeolewa na bomba la maji taka!"

Mumewe alicheka mpaka chai ikampalia. Alifurahi kutukanwa kwa sauti ya kawaida.

Lakini furaha ya mtu haikosi mdudu. Mama Kishindo alikuwa na majivuno yake, na hakutaka foleni ijue. Alifunga kilemba kikubwa, akakikaza juu ya masikio, akatoka kwenda kupokea wateja. Kilemba kikizibana mashine zile, zinapiga mluzi. Akiinama, mluzi. Akigeuza shingo, mluzi.

"Mama Kishindo," muuza mkaa akamuuliza, "umefuga kifaranga kichwani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akalazimisha tabasamu, akawasha mota kabla ya wakati.

Hilo la mluzi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja baadaye. Mashine zile zilikuwa zikizima. Anazivaa asubuhi, anasikia jogoo, anasikia ufagio wa jirani, anasikia mumewe akijisemea peke yake msalani. Halafu hata jua halijapanda vizuri, zinalia kijikengele fulani cha huzuni na dunia inazimika. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Alizifuta. Alizipiga brashi. Alisugua kwa kitambaa kikavu vile vichuma vidogo vya kupokelea umeme, akihakikisha havina hata chembe ya unga. Asubuhi anazikuta kisandukuni taa zimewaka, anazivaa kwa matumaini, na kabla ya wateja wa asubuhi kuisha, kimya.

Siku ya gwaride ilikuwa inakaribia. Tarumbeta alipiga simu kuuliza kama mama atakuja, baba yake akajibu kwamba atakuja, ataketi mbele, na ana masikio mapya yanayosikia mpaka mawazo. Mama Kishindo aliposimuliwa hayo, alikwenda chumbani akakaa kitandani, na huko machozi yakamtoka. Hakulilia mashine. Alilia kwa sababu alikuwa ameshajiona uwanjani, ameketi mbele ya mwanawe, na midomo ya mwanawe inafunguka na kufungika bila kitu.

"Zimekufa," alimwambia mumewe. "Mashine mbovu naijua nikiiona. Kama ni kusimuliwa, basi nitasimuliwa."

"Twende tukamwambie aliyetupa."

"Nakwenda kumrudishia! Na nitamweleza vizuri."

*

Alifika kwa mtaalamu amevimba kama andazi. Akaweka kisanduku mezani, akakisukuma mbele.

"Mdogo wangu, umenipa watoto wasioshiba."

Mtaalamu hakubishana. Alizichukua mashine, akazichunguza kwa lenzi, akazichomeka kwenye chombo chake, akatikisa kichwa. "Zina afya. Hata usafi wake sijaona mtu anayezitunza namna hii." Akamvalisha nyingine za kumsaidia wakati wa mazungumzo. "Sasa, dada yangu, nisimulie. Tangu unapozivua mpaka unapozivaa. Usiache kitu."

Hapo Mama Kishindo akakaa vizuri kitini, maana ameulizwa kuhusu kazi yake, na kwenye kazi yake hakuna wa kumfundisha.

"Nafunga kazi. Nafagia pumba, nafungua chekeche nalikung'uta, nalegeza mkanda wa mota upumzike. Halafu naingia ofisini. Ofisi yenyewe ni kichumba cha vipuri pale pale mashineni, lakini kina meza na soketi. Nyumbani soketi zote zimetekwa na redio ya huyu bwana na simu zake. Basi pale nazivua, nazifuta kwa kitambaa kikavu kama ulivyonielekeza, nazilaza, nyekundu kulia, buluu kushoto. Taa zinawaka. Nafunika."

"Safi kabisa. Halafu?"

"Halafu natoka nazima swichi kubwa." Akajipiga kifua kidogo. "Na hapo ndipo ninapowashinda wenzangu. Kuna mtu mtaa wa pili mashine yake iliungua na paa juu, kwa uzembe wa kuacha moto wa umeme umefunguliwa. Mimi? Tangu niianze kazi hii sijawahi kulala swichi kubwa ikiwa juu. Niumwe, nifiwe, mvua inyeshe, swichi kubwa chini, kufuli, ndipo nanawa mikono. Muulize huyu."

"Kweli tupu," mumewe akasema kwa fahari. "Siku alipojifungua kitinda mimba wetu, alirudi kutoka mlangoni akaizima."

Mtaalamu akavua miwani. "Na hiyo swichi kubwa, dada, inazima nini?"

"Kila kitu! Mota, taa za mbele, taa za nyuma, ofi..."

Neno halikufika mwisho. Mumewe akamgeukia. Mtaalamu akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, akijitahidi kwa nguvu zote asimvunjie mtu mzima heshima.

"Lakini asubuhi nazikuta taa zimewaka!" Mama Kishindo akajitetea.

"Unaingia ofisini kabla ya kupandisha swichi, au baada?"

"Baada." Akajipiga paji la uso. "Baada! Maskini watoto wa watu! Nawalaza na njaa, asubuhi nawapa kijiko kimoja, halafu nawapeleka shambani!"

Hapo hakuna aliyejizuia. Walicheka watatu hao mpaka mgonjwa wa nje akachungulia mlangoni. Mumewe alikuwa anapiga meza, anasema, "Mazoea yana taabu! Mazoea yana taabu!" na Mama Kishindo anamkanya huku mwenyewe anafuta machozi. Kilichomwondokea kifuani kilikuwa kizito kuliko alivyokuwa amejua, akajisikia mwepesi kama gunia tupu.

Jioni ile ile redio ilihamishwa. Mume alilalamika, akasema mtu hawezi kufukuzwa kwenye soketi yake aliyoizoea. Mkewe akamkata kauli: "Redio yako imesema miaka mingi na hakuna cha maana ilichosema. Sasa ni zamu yangu." Kisanduku kikawekwa chumbani, kando ya kitanda, kwenye umeme wa nyumba usioguswa na swichi ya mashine. Asubuhi yake alizivaa taa zikiwa za kijani, na jioni, wakati wa kuzivua, bado zilikuwa zinasikia.

Akajifunza mwendo wao. Mota ikiwashwa, anazivua, anazitia kisandukuni mbali na vumbi, anavaa vizuia kelele. Mota ikizimwa, ananawa, anakausha mikono na masikio vizuri, anazivaa. Na kile kilemba? Siku moja tu, mbele ya foleni, alikifungua akakifunga upya nyuma ya masikio, kila mtu aone.

"Kifaranga chenyewe hiki hapa," akamwambia muuza mkaa. "Na kinasikia. Kwa hiyo yale mnayonisema mkiwa mwisho wa foleni, leo ni mwisho."

Wakacheka, lakini walio mwisho wa foleni walicheka kidogo.

*

Siku ya gwaride mawingu yalikuwa chini. Uwanja ulikuwa umepigwa mistari ya chokaa, na jukwaa la wazazi lilikuwa mabenchi yasiyo na paa. Mama Kishindo aliketi safu ya mbele, gauni jipya, kilemba nyuma ya masikio, mkoba mapajani na kisanduku ndani yake. Wapiga tarumbeta na wapiga ngoma walipopita mbele yao alikunja uso kidogo, maana sauti ilikuwa nyingi, lakini hakuzipunguza mashine zake. Alikuwa anasikia kila kitu: mabenchi yakilia, mtoto wa mtu akidai maji, bendera ikijipiga kwenye mlingoti.

Halafu manyunyu yakaanza.

"Zivue, zitalowa!" mumewe akasema. "Mtaalamu alisema maji hapana!"

"Nimefika hapa nizivue?"

Mwavuli ulikuwepo, lakini walioketi nyuma walilalamika kwamba unawaziba. Mume akatazama mawingu, akamtazama mkewe, akavua kofia yake ya heshima, ile pana ya kuendea harusini na mazishini, akamvika juu ya kilemba. Mama Kishindo akaiinua ukingo kwa vidole isiguse mashine, isije ikaleta mluzi. Kipara cha mumewe kikaanza kung'aa kwa mvua, na yeye akakaa tu, kifua mbele. Wapiga picha waliwapiga hivyo hivyo.

Askari wapya walisimama safu kwa safu, kimya. Kutoka upande wa kulia akatoka mmoja, peke yake, mwembamba, mkononi upanga, akitembea kuelekea katikati ya uwanja. Mama alimjua kwa mwendo kabla ya uso. Mumewe, kwa mazoea ya miaka, akamwinamia sikioni tayari kwa kazi ya ukalimani. Mkono wa Mama Kishindo ukaenda moja kwa moja ukamziba mdomo.

"Gwaride!"

Mama Kishindo akaiinua kofia zaidi kidogo.

"Gwaride, mguu... sawa!"

Visigino vyote vikagonga pamoja. Sauti ya mwanawe ilipita juu ya uwanja, ikapanda jukwaani, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikaenda kugonga majengo ya nyuma na kurudi. Haikutetemeka. Haikupasuka. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyezoea kuishinda mota ya mashine akiwa na urefu wa debe, na sasa hakuna mota, kuna uwanja mzima unaomngoja yeye tu. "Kwa upande wa kulia... geuka!" Wakageuka. Mama Kishindo machozi yakawa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika kofia na mwingine ulikuwa bado mdomoni mwa mumewe.

Bwana mmoja wa suti aliyeketi kando yake akapuliza mluzi wa mshangao. "Huyo binti sauti hiyo kaitoa wapi?"

"Mashineni kwangu," Mama Kishindo akajibu. "Yule ni wangu. Nimemzaa mimi."

Alimwambia na mama wa upande wa pili. Akawageukia na wale wa nyuma waliolalamikia mwavuli, akawaambia nao.

Gwaride lilipovunjwa, wahitimu wakatawanyika kuwatafuta wazazi. Tarumbeta alikuja mbio, kofia kwapani, sare imelowa mabegani. Alimkumbatia baba yake, akasimama mbele ya mama yake, akajaza kifua hewa, akainama kumkabili usoni kama alivyofanya maisha yake yote.

"MAMA! UMEONA NILIVYO..."

Jukwaa zima likageuka.

"Mwanangu," Mama Kishindo akasema, akamshika mikono. "Usinipigie kelele. Nakusikia. Sema tu."

Tarumbeta akafunga mdomo. Akamtazama mama yake masikioni, upande mmoja, kisha wa pili. Akaketi kwenye benchi lililolowa, na alipofungua mdomo tena ilitoka sauti ndogo, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, ambayo mama yake hakuwahi kukutana nayo.

"Mama, nilikuwa naogopa."

"Wewe?"

"Juzi nilimwendea mkufunzi nimwombe ampe mwingine kazi hii. Nikafika mlangoni kwake, nikarudi."

"Mbona hukuniambia? Ulipiga simu si mara moja."

"Ningekuambiaje, mama?" Tarumbeta alicheka, lakini macho yalikuwa yamemjaa. "Nisimame katikati ya kambi nipige kelele, 'Mama, naogopa'? Mambo mengine hayapigiwi kelele."

Mama Kishindo alifikiri ni mangapi mtoto huyu alikuja nayo mlangoni kwa mashine, akatazama foleni ya watu, akatazama mota, akaamua kuomba maji tu. Kifua kilimuuma, na bado fahari haikumtoka. Vilikaa vyote viwili humo humo.

Akampa mumewe kofia yake, akamwomba akawatafutie chai. Akasogea karibu na binti yake mpaka mabega yakagusana.

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini kama yake. "Uliogopa, na ukatoa amri ile. Hilo nimelisikia mwenyewe, hakuna aliyenisimulia. Sasa niambie na mengine. Yote uliyoshindwa kuyapigia kelele."

Tarumbeta akafikiri aanzie wapi. Kisha akaanza na yale ya darasa la pili.